Mahakama Imehama, Nyumba Imebaki

Wanaoteremka daladala Tunguu asubuhi ya siku ya kazi ni wa namna mbili: wenye mikoba ya vitabu na wenye mafaili. Wenye mikoba wanakwenda Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa 1998, au SUZA, chuo kikuu cha taifa, ambacho kampasi yake kuu iko hapa hapa. Wenye mafaili wana kesi.

Mzee mmoja wa kanzu na koti, aliyekaa ubavuni mwangu tangu Mwanakwerekwe, alikuwa wa kundi la pili. Faili lake lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na kila gari ilipoingia shimoni alilibana kifuani.

"Shikamoo, mzee. Mahakamani?"

"Marahaba, mwanangu. Mirathi. Marehemu yuko kaburini miaka na miaka, sie bado tunagawana."

Nilipomuuliza kama Tunguu ni bora kuliko Vuga, hakujibu haraka. Vuga, alisema, alikuwa akienda kwa miguu kutoka Mwembetanga. Huku analipa nauli. Lakini huku pa kukaa papo, choo kipo, na gari zina pa kuegeshwa. "Ila kule," akaongeza akiinuka kushuka, "ukipanda zile ngazi unajua umefika mahakamani. Hapa kila nikija nauliza mlango."

Mahakama Kuu ya Zanzibar ilikaa Vuga kwa zaidi ya karne moja, katika jengo lililokamilika mwaka 1908. Katika miaka hii ya karibuni imehamia Tunguu, Wilaya ya Kati, kwenye jengo jipya lenye nafasi. Kuhama kwenyewe hakuna wa kukulaumu. Mji Mkongwe una hekta 96 tu zilizoandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, njia zake zilipimwa kwa punda na mpagazi, na wakili wa leo anakuja na gari. Lakini mahakama ikihama, nyumba haihami nayo. Ndiyo maana safari hii ilikwenda kinyume na watu: wao asubuhi wanatoka mjini kuja Tunguu, mimi nilianzia Tunguu nikarudi mjini, nikitazama nyumba zinavyokuwa zikiachwa na kazi yake.

Mahakama ya Vuga ni nyumba ya zama za Mfalme Edward, na anayesikia hivyo huenda akawazia matofali mekundu ya kuchoma, kibaraza cha mbao na dohani, kama zilivyo safu za nyumba katika miji ya Uingereza. Nyumba ya hivyo Unguja huipati. Edward wa Saba alitawala Uingereza kuanzia 1901 hadi 1910, na katika miaka hiyo hiyo Zanzibar, nchi ya Sultani iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza, ilipata majengo ya serikali ya aina yake: makazi ya mwakilishi wa Uingereza mwaka 1903, ambayo leo ni Ikulu, posta ya Shangani mwaka 1906, na mahakama ya Vuga mwaka 1908. Yote yana sura ya Kiarabu iliyochorwa na Mwingereza, na yote yamesimama juu ya jiwe la matumbawe na chokaa ya hapa hapa.

Zama hizo hazikuwa za kujenga tu. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilimaliza reli iliyotoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili saba, na mawe mengi ya reli hiyo yalitoka katika kasri la Beit el Ras, lililoanzwa na Sultani Seyyid Said mnamo 1847 na ambalo halikumalizika hata alipofariki 1856. Kasri lilikuwa tupu, mawe yalikuwa yamekwisha kuchongwa, na mhandisi alikuwa na haraka. Leo kilichobaki cha Beit el Ras ni kipande cha baraza katika eneo la chuo. Reli nayo ilikwisha kung'olewa zamani.

Kabla ya kurudi mjini nilikwenda kusini kwanza. Kutoka Tunguu barabara ya kusini inakwenda Bungi, Unguja Ukuu na Jozani. Magari ya watalii wanaokwenda kuwatazama kima punju wa Jozani hupita hapa kwa kasi, chini ya miembe mikubwa iliyopangwa kando ya barabara, na wengi hawaulizi nani aliipanda. Ni miembe ya Bi Khole. Alikuwa binti wa Seyyid Said, na dada yake Salme, yule aliyekuja kuitwa Emily Ruete na kuchapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886. Mwaka 1859 madada hao wawili walikuwa upande wa ndugu yao Barghash alipojaribu kumpindua ndugu yao mwingine, Sultani Majid. Jaribio lilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na familia haikupatana tena kama zamani.

Nyumba ya Bi Khole iko pembeni ya barabara, kilomita chache kusini ya Tunguu, baada ya kuingia njia ya vumbi kati ya miti. Ilikuwa nyumba ya shamba, yenye ukumbi wa wageni na hamamu, na watu waliendelea kuitumia hadi miaka ya 1920. Kisha wakaiacha. Haikupigwa mzinga wala kuteketea kwa moto.

Nilisimama mbele ya tao moja la dirisha. Lipu imeondoka kitambo, na ukuta unaonyesha matumbo yake: vipande vya jiwe la matumbawe vya kila ukubwa, vingine bado vina alama za konokono wa baharini, vimeshikwa na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa. Upana wa ukuta ni mkono mzima kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, na zaidi kidogo. Mashimo ya mraba juu ya kichwa ndipo boriti za mkoko zilipoingia. Katika shimo moja umeota mtini, mzizi wake umeteremka ukutani ukatafuta ufa, ukauingia, ukanenepa humo humo. Jiwe lililokuwa limekaa pale karne moja na nusu limesukumwa nje upana wa vidole viwili.

Nyumba ya mawe na chokaa huanza kufa juu. Paa likitoboka, maji huingia katikati ya ukuta, ambako kuna udongo. Udongo ukilowa unavimba, ukikauka unanyauka. Ncha za boriti, zilizofichwa ukutani wala hazionekani, zinaoza kwanza. Sakafu ya juu inakaa imeshikiliwa na mazoea, kisha siku moja inaanguka, na ikianguka inavuta kuta nayo. Kwa hiyo ukiona ukuta wa Bi Khole umesimama peke yake, ujue sehemu kubwa ya nyumba iliyeyuka kutoka ndani, masika baada ya masika.

Kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe karibu na hapo alinisimulia kisa kinachosimuliwa na kila anayefika: kwamba Bi Khole alikuwa na watumwa wazuri wa sura, na kila mmoja alipanda mwembe wake, akatakiwa autunze. Uzuri wao huenda ni chumvi ya wasimulizi. Utumwa wao haukuhitaji chumvi. Miembe imeizidi nyumba umri wa matumizi, na hadi leo ina kazi: kivuli kwa wauza matunda, na kituo kwa anayengoja gari.

Ni vizuri kuyaweka haya kichwani kabla ya kufika Vuga. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar tarehe 6 Aprili 1897, lakini kwa namna ya Kiingereza, pole pole: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo hadi ilipotoka nyingine mwaka 1909. Jengo jipya la mahakama lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Tena zama hizo haki ilikuwa na milango miwili, mahakama ya Mfalme wa Uingereza na mahakama ya Sultani, na mlango gani uingie ilitegemea wewe ni raia wa nani. Anayesema jengo la Vuga ni la kikoloni hakosei. Anayesema basi liachwe lianguke ameacha kuuliza nani aliyabeba yale mawe.

Vuga mchana ina kelele za magari na harufu ya bahari kwa mbali. Jengo la mahakama liko Barabara ya Kaunda, ng'ambo yake ni bustani ya Victoria, ambayo Sultani Hamoud aliwapa wananchi mwaka 1899, na ukumbi ambamo Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa likikutana tangu 1926. Mwendo mfupi mbele ni Ikulu, na mbele zaidi, Mnazi Mmoja, ni Beit el Amani, makumbusho ya kukumbuka amani yaliyofunguliwa 1925. Mahakama, Ikulu na makumbusho ni kazi ya mtu mmoja, John Houston Sinclair, afisa wa serikali aliyekuwa msanifu majengo na ambaye mwaka 1922 alipanda hadi kuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza. Ni watu wachache mno duniani walioutawala mji waliouchora wenyewe.

Kuna wanaomcheka Sinclair. Matao yake yana Uarabu mwingi kuliko ya Waarabu wenyewe, ambao nyumba zao za mjini kwa nje ni kuta tupu nyeupe na mlango wa kuchonga, na mapambo yote yako ndani uani. Yeye aliyatoa nje yote: matao barazani, mlango wa kuchonga mbele, ngazi za kupanda mbele za watu. Mimi nadhani alijua alichokuwa akifanya. Mwaka 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kasri la Sultani kwa muda usiozidi saa moja, na mji haukuwa umesahau. Serikali iliyoingia kwa mizinga ilitaka kuvaa kilemba. Huo ndio ukweli ulioandikwa katika sura ya jengo hili, na hakuna kitabu kinachoueleza waziwazi kama ngazi zenyewe.

Mitaa miwili nyuma, fundi mmoja alikuwa juu ya jukwaa la mianzi akibandua lipu ya nyumba ya watu. Aligonga ukuta kwa mgongo wa patasi: hapa sauti nzito, hapa sauti ya debe tupu. Penye sauti ya debe alichomeka patasi, na karatasi nzima ya saruji ikashuka kwa kishindo. Nyuma yake ukuta ulikuwa umetoa unga mweupe.

"Chumvi hiyo," alisema. "Ukuta huu unapumua. Umeuziba mdomo, unatapika."

Mwenye nyumba aliupaka ukuta saruji miaka ya nyuma kwa sababu ilikuwa rahisi na inakauka haraka. Jiwe la matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia chokaa. Likikuta saruji, maji yanabaki ndani pamoja na chumvi yake, na chumvi ikijenga fuwele inaisukuma lipu yote nje. Kazi ya chokaa ni ya taratibu. Jiwe huchomwa katika tanuri la magogo, chokaa hulowekwa na kuachwa ilale, halafu huchekechwa na kuchanganywa na mchanga. Ukuta hurowanishwa kwanza, chokaa hupigwa tabaka jembamba, hufunikwa isikauke kwa jua, kisha tabaka la pili, na mwisho niru laini ya kumalizia. Fundi huyu alijifunza kwa mjomba wake. Nilipomuuliza ana wanafunzi wangapi, alinionyesha kijana mmoja aliyekuwa chini akichanganya mchanga huku masikio yote mawili yana visikilizio vya simu.

"Yule. Na yule anataka kwenda Dubai."

Hapa ndipo thamani ya jengo la 1908 inaposhikika kwa mkono. Kwa miaka zaidi ya mia serikali ilikuwa na sababu ya kila mwaka ya kumwita mtu anayejua chokaa, kwa sababu jaji hawezi kukaa chini ya dari linalovuja. Kesi zikihama, sababu hiyo inahama. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, ina sheria, na tangu 1994 ina mpango wa uhifadhi. Lakini sheria inamkataza mtu kubomoa. Haina nguvu ya kumlazimisha apande juu ya paa kila Januari.

Historia nyingine ya nyumba hii ya mahakama haimo kwenye kibao chochote nilichokiona. Bomi Bulsara, Mparsi, alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Kiingereza. Mwanawe Farrokh alizaliwa mjini hapa tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule India akiwa mdogo, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, magharibi ya London. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 2016 shirika la English Heritage liliweka kibao cha buluu kwenye nyumba ndogo ya Feltham walikofikia, nyumba ya safu isiyo na ajabu yoyote kwa macho. Shangani nako, Barabara ya Kenyatta, makumbusho yake yalifunguliwa 2019, na siku yoyote utawakuta wageni wanapiga picha mlangoni. Ofisi iliyoilipa familia yake mkate wa kila mwezi, mwendo mfupi kutoka pale, hawaendi. Hawana habari nayo.

Nilikwenda mpaka Shangani kuangalia posta ya Sinclair ya 1906, iliyo hatua chache kutoka mlango huo wa makumbusho. Wageni huinua kamera kwa Freddie, wakageuka, wakaiona posta, wakainua kamera tena bila kujua wanapiga nini. Matao yale yale ya Vuga, kwa kipimo kidogo. Nyumba hii haikujengwa kutisha mtu. Ilijengwa mwananchi aingie na barua, na hilo limeisaidia kuliko kibao chochote cha urithi.

Mji una mifano ya njia zote mbili, ya nyumba kuokolewa na ya kuachwa. Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19 ufukweni Shangani, ilipitia mikono ya wamishenari, ubalozi wa Uingereza, hospitali na ofisi za serikali. Sasa ni sehemu ya hoteli kubwa. UNESCO ililalamikia jengo jipya lililoongezwa ubavuni mwake. Paa halivuji, hilo ni kweli, lakini mtoto wa Malindi haingii mle ila awe na kazi ya kufanya. Zahanati ya Tharia Topan, Mizingani, ilitelekezwa hadi roshani zake za mbao zikaanza kudondoka, kisha mfuko wa Aga Khan wa utamaduni ukaikarabati katikati ya miaka ya 1990. Na Beit el Ajaib, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883, alipokwisha kuwa Sultani, na kufanywa makao ya ofisi za serikali ya kikoloni tangu 1911, ilikuwa jumba la makumbusho ilipoanza kubomoka; sehemu yake iliporomoka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ikashuka mafundi wakiwa kazini, ikaua watu. Jengo maarufu kuliko yote katika pwani hii halikuokolewa na umaarufu wake.

Kwa Vuga ningependa mahakama isiondoke yote. Kesi ndogo zinahitaji pa kusikilizwa mjini, kwa ajili ya watu kama yule mzee wa Mwembetanga, wasio na nauli ya kila wiki. Wanafunzi wa sheria walioko Tunguu wanahitaji ukumbi wa kujifunzia kutetea, na hakuna darasa litakalowafundisha uzito wa kazi hiyo kuliko chumba ambamo tangu 1908 watu wamehukumiwa kweli. Chumba kimoja kiwekwe kumbukumbu za mahakama zenyewe: maombi ya uhuru, mirathi, kesi za mikarafuu iliyowekwa rehani. Nyaraka za Taifa pale Kilimani wana ujuzi wa kuzitunza. Hoteli ndiyo jibu linalokuja haraka kinywani mwa wenye fedha, na ndiyo ningelikataa kwanza.

Fundi wa jukwaani hakuwa na maoni kuhusu hayo yote. Alikuwa na la kwake, na alilisema akifunga patasi zake ndani ya gunia. Masika yanaingia Machi. Kabla ya hapo wapande watu wawili juu ya kila paa la serikali hapa Vuga, mmoja na ndoo, mmoja na fagio, watoe majani kwenye mifereji na waangalie bati lipi limefunguka. Kazi ya siku mbili, alisema, na hata yeye hajapata kuitwa kuifanya.